Chumba cha Kamba Uani

Daftari nililoandikia safari yetu ya Ulaya ni lile lile nililokuwa nikiandikia jiografia kwenye masomo ya jioni. Kurasa za nyuma zilikuwa hazijaisha, na mimi karatasi situpi. Kwa hiyo ukilifungua kwa mbele unakuta aina za udongo na mvua za masika, ukiligeuza unakuta Genova, Barcelona, na orodha ya soksi.

Nilipiga mistari ukurasa ukagawanyika mara tatu. Safu ya kwanza niliandika Kabla, ya pili Melini, ya tatu Baada. Nilianza kwa bismillahi kama ninavyoanza kila kitu, hata kumenya viazi.

Safari yenyewe ilitoka kwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Anaoka mikate kwenye meli ya utalii, yale mameli marefu kama mtaa, watu wanazunguka nayo bahari, asubuhi wanashuka mji huu, jioni wanapanda wanakula, kesho mji mwingine. Ana mwaka wa sita huko. Kazini kwao, mtu akifikisha muda fulani anapewa zawadi mara moja tu: chumba kimoja cha watu wanne, wiki moja, alete ndugu zake. Yeye akatutaja sisi. Mama yetu, mimi, mume wangu, na binti yetu wa miaka kumi na mbili. Meli inaondokea Genova kule Italia inaishia Barcelona, Hispania. Akaomba na likizo, siku tatu kabla na siku nne baada, atutembeze mwenyewe, maana meli ikiwa njiani yeye yuko jikoni tangu alfajiri.

Mimi na mume wangu na binti tulifurahi tu. Mama ndiye aliyekuwa na haja hasa na safari hii.

Tangu mdogo wangu aondoke, mama ana swali moja kwenye simu.

"Unalala wapi?"

"Melini, mama."

"Meli nimesikia. Wewe unalala wapi?"

Siku moja mdogo wangu aligeuza simu amwonyeshe kitanda chake. Mama akaona giza na pazia la bluu. Akanirudishia simu. "Hilo ni pazia," akasema. Sisi wa huku juu milimani maji tunayajua ya mtoni na ya mfereji, ya kumwagilia kabichi na karoti. Ya kulalia hatuna. Mama aliwalaza watoto sita kwenye nyumba moja ya udongo njia ya Lukozi, na kila mmoja anakumbuka alimlaza kona gani. Huyu wa mwisho tu ndiye hajui alipo akifumba macho. Zawadi ilipokuja aliniambia, wala hakuwa na furaha ya kucheka, alisema taratibu, "Nikiona anapolala, na mimi nitalala."

Basi nikaishika hiyo kama nadhiri.

Pasipoti zetu tatu zilipatikana bila shida. Ya mama iligoma. Tulishuka mlima hadi Tanga, mashine ikakataa vidole vyake. Alibonyeza, akafuta, akabonyeza. Hakuna alama. Majani ya chai ya kule Mponde alikozaliwa yalianza kuvifuta, jembe la huku likamalizia. Kijana wa pale mezani alikuwa na adabu, alimwambia, "Bibi, nenda ukapake mafuta vidole wiki mbili, usishike jembe, usifue, urudi."

Mama yangu, wiki mbili bila jembe. Alikaa kibarazani na mafuta ya mgando, mikono ameivika soksi. Majirani wakipita njiani hawakumwacha.

"Jamani, mwali yuko ndani! Anatoka lini?"

"Akipata pasipoti," mama anajibu.

"Na posa imetoka wapi?"

"Ng'ambo. Nyinyi mtabaki na hao wenu wa Soni."

Tuliporudi Tanga mashine ilikubali vidole saba. Kijana akasema vinatosha. Mama akaniuliza kwa Kishambaa kama akirudi atakatazwa tena jembe, nikamwambia hapana, akashukuru Mungu.

Nasimulia haya ya vidole ili ieleweke. Mtu aliyekaa wiki mbili na soksi mikononi si mtu wa kubadili mawazo ovyo.

Nyumbani tukaendelea na safu zetu. Binti yangu alitaka bwawa la kuogelea lililo juu ya meli, nikamwambia bwawa andika wewe mwenyewe kwa penseli, nitafikiria. Mume wangu ni fundi seremala, yeye alitaka jambo moja, siku nzima Genova ya kutembea barabarani akiangalia milango. Alishaonyeshwa picha na mdogo wangu, milango ya mninga-sijui-gani ya zamani, imechongwa juu hadi chini. "Sihitaji kuingia ndani," alisema. "Mimi nisimame nje tu." Mama alitaka kujua meli ikigeuka kibla kinakuwaje. Nilikwenda kwa ustadhi nikauliza, akanielekeza ukishaanza kwa kuelekea kibla, yaliyobaki Mwenyezi Mungu anajua hukushika usukani wewe. Nikaandika chini ya Melini. Safu ya Kabla nikatafuta nyumba ya kupanga kwa simu: vyumba viwili, jiko, bafu moja. Nilijiona nimepanga kama katibu wa mkutano.

Kosa langu lilikuja na kamba.

Mdogo wangu alinitumia vipimo vya chumba cha meli. Urefu hatua sita, upana hatua tatu na kitu. Vitanda viwili chini, viwili vinashuka kutoka ukutani, na mlango wa choo hapo hapo. Nikasema hiki tukifanyie mazoezi, ili mama asije akashtuka. Jumamosi asubuhi nikachukua vigingi vya hema na kamba za mume wangu, nikapima uani, nikafunga. Kitanda cha kwanza hapa, cha pili pale, vya juu nikaviweka alama kwa majani ya mgomba. Choo nikaweka ndoo.

Mume wangu alitoka kwenye banda lake la kazi na randa mkononi. Akaangalia.

"Ndiyo chumba?"

"Ndiyo."

"Kimoja?"

"Kimoja cha watu wanne, baba. Wewe huku chini, mimi juu yako, mama pale, mtoto juu yake."

Akaangalia ndoo. "Sawa," akasema, akarudi bandani. Nikasikia randa ikianza tena, haraka haraka.

Mama akaja mida ya saa nne. Kwake na kwangu ni kupanda na kushuka bonde dogo. Binti yangu akamwamkia, akamkaribisha ndani ya kamba kwa madaha, "Karibu bibi, vua viatu, hapa ndio melini."

Mama akavua kweli. Akaingia. Akauliza yeye yuko wapi, nikamwonyesha. Akauliza mtoto, nikamwonyesha jani la mgomba.

"Na hapa?"

"Hapo mimi na baba yake."

Ilikuwa hatua moja kutoka kwenye kitanda chake. Mama akaangalia pale, akaangalia ndoo, akavuta khanga yake kichwani mpaka kwenye paji la uso kama mtu anayepita kwenye upepo. Akatoka kwenye kamba, akavaa viatu.

"Nimeacha maharage jikoni," akasema.

Maharage yalikuwa hayajavunwa mwezi ule. Lakini akili yangu haikufika huko.

Jumatatu yake akanitumia maneno kwa binti yangu: bibi kasema miguu imevimba, hawezi safari. Nikashuka bonde nikaangalia miguu. Haikuwa imevimba. Akasema basi ni kuku. Nikamwambia kuku jirani atawaangalia. Akasema jirani ana mkono mzito kwa kuku. Nikamuuliza, mama, unaogopa maji? Akasema, "Ee, naogopa maji," upesi mno, kama mtu aliyepewa jibu na mwalimu.

Nikarudi nyumbani, mume wangu naye akanianza. "Mama watoto, nimepata kazi ya madirisha. Nyie nendeni, mimi nibaki."

"Kazi ya nani?"

"Ya mtu."

"Na milango ya Genova?"

"Milango haikimbii."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Mdogo wangu kazini walimtaka apeleke majina ya watu wanne kabla ya Ijumaa, baada ya hapo hakuna kuongeza jina. Na hapa nina mama anayeogopa maji ghafla na mume mwenye madirisha ya mtu. Mdogo wangu akapiga simu akiwa amevaa kofia yake nyeupe ya kuokea, unga mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia mama hataki. Akasema, "Dada, mwambie nimeshaomba ruhusa. Wamekubali ashuke huku chini kwetu akione kitanda. Mwambie niliomba mara tatu." Halafu akasema mkate unaungua, akakata. Haukuwa unaungua, nilimuona machozi.

Niliswali, nikaomba nionyeshwe, maana mimi nilikuwa nimeshindwa. Na mimi si mtu wa kushindwa, nilisoma kidato cha nne jioni na mtoto mgongoni.

Jumatano mchana nilikuwa nashuka kwa mama kumbembeleza tena. Pale chini bondeni, kwenye kijito, pana jiwe pana ambalo watu hupumzisha mizigo. Kabla sijafika nikamuona mume wangu ametangulia, ameshika kigoda. Kigoda kipya, cha kukunja, miguu myembamba, kimepigwa msasa kimeng'aa. Akakiweka juu ya jiwe. Akakohoa mara mbili kwa nguvu. Halafu hakupanda kwa mama wala hakurudi kwa njia ya kawaida, akakata kushoto ndani ya migomba, akapotea.

Nikasimama pale pale. Muda si mrefu mama akashuka kutoka upande wake, kijikapu mkononi. Akachukua kigoda, akakifungua, akakaa kidogo, akainuka. Akaweka kijikapu juu ya jiwe. Matunda damu, yaliyoiva, yale ya mti wa nyuma ya nyumba yake anayowanyima hata wajukuu. Akakohoa mara mbili na yeye, akaondoka.

Miaka ishirini nimeolewa. Miaka ishirini nimekuta kwenye jiwe lile boga, mpini wa jembe, mchicha, stuli iliyotengenezwa mguu, na kila mara nikasema moyoni, Alhamdulillahi, mume wangu na mama yangu wanapatana. Mama akija kwangu mume wangu yuko bandani. Mume wangu akienda kwa mama anaamkia akiwa uani, "Shikamoo mama," macho chini, anajibiwa kutoka ndani, anaondoka. Hajawahi kula mbele yake. Hajawahi kumuona bila khanga kichwani. Siku hizi huko mjini Lushoto kuna vijana wanakaa na mama mkwe kochi moja wanaangalia tamthilia, sitawahukumu. Lakini kwetu hawa wawili wamejengeana heshima hiyo mpaka mimi nikaacha kuiona, kama mtu anavyoacha kuiona nguzo ya nyumba.

Na mimi nikachukua kamba nikawalaza hatua moja moja, na ndoo katikati.

Nilimkuta mama kibarazani amekalia kigoda. Nikamwamkia, nikakaa chini.

"Mama, si maji."

"Si maji."

"Ni chumba."

Akachezea khanga. "Umesema mwenyewe. Mimi sijasema."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, kwamba mumeo ni mwanamume? Unajua." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Yule mkwe wangu sijamsikia hata siku moja akipiga miayo. Nikamsikie akikoroma? Na yeye anisikie mimi usiku nikiamka kwenda kwenye kile kindoo chako? Tukirudi hapa tutapitishana vipi pale kijitoni? Mtoto wangu nitamuona kitanda, ndiyo, lakini mkwe nitakuwa nimempoteza."

Nikamwambia madirisha ya mtu. Akainua kichwa.

"Amesema hatakwenda?"

"Anasema ana kazi."

"Hana kazi," mama akasema. "Ananiachia mimi. Mwambie sikubali. Yeye ndiye mwenye nyumba."

Nikapanda bonde na maneno hayo. Mume wangu alikuwa bandani anakula matunda damu, ameficha kijikapu chini ya meza ya kazi.

"Kwa hiyo umejua," akasema.

"Ungeniambia Jumamosi."

"Ningesema nini? Mama yako sitaki kulala naye?" Akatema kokwa. "Maneno kama hayo mtu anayatoaje mdomoni."

"Basi mama naye kasema hakubali ubaki."

"Na mimi sikubali yeye abaki. Vidole vyake vimekaa kwenye soksi wiki mbili."

Ndivyo nilivyokwama kati ya watu wawili wanaopishana mlangoni, huyu tangulia, huyu tangulia wewe, hakuna anayepita. Nikampigia mdogo wangu. Nilipomweleza alicheka sana, halafu akasema, "Dada, hata mimi nilisahau. Nimekaa huku mpaka nimesahau." Chumba cha pili hakikuwepo. Zawadi ni chumba kimoja.

Nikafungua daftari. Nikaangalia zile safu tatu. Nikageuza kule mbele kwenye ramani niliyochora ya Ulaya, mwalimu wetu alitulazimisha tuchore pwani kwa mkono bila kunakili. Nikaweka kidole Genova, nikafuata ufuo, Marseille, nikashuka, Barcelona. Kidole changu hakikuvuka maji hata mahali pamoja.

Nikamwita mume wangu.

"Kuna treni?" akauliza alipoelewa.

"Mdogo wangu anasema zipo, na mabasi. Unatangulia nchi kavu, sisi majini. Kabla tuko wote. Baada tuko wote."

"Na hiyo wiki nzima nafanya nini?"

"Unaangalia milango."

Akajaribu kukunja uso, akashindwa. "Wiki nzima?"

"Miji mitatu."

Safu ya Kabla ikabidi niifute pia, ile nyumba yenye bafu moja. Nikatafuta vyumba viwili mbalimbali, kila kimoja na mlango wake, mtaa mmoja. Baada vivyo hivyo. Melini nikaacha majina matatu. Binti yangu akauliza kile kitanda cha nne je. Nikamwambia tutaweka mabegi.

Alhamisi nikafunga kamba upya uani, nikatuma mtoto akamwite bibi yake. Mume wangu akaingia bandani kabla mama hajafika. Mama akasimama nje ya kamba, hakuvua viatu.

"Mwambie mkwe wangu," akaniambia mimi, lakini sauti ameielekeza bandani, "nchi za watu peke yake ataweza?"

Randa ikasimama. "Mwambie mama nimewahi kukaa Dar es Salaam."

"Mwambie Dar es Salaam wanasema Kiswahili."

"Mwambie mbao haina lugha."

Mama akavuta khanga mdomoni. "Mwambie asilale karibu na dirisha, atapigwa na upepo. Na atafute watu wa msikiti mapema."

"Mwambie nimesikia. Mwambie na kigoda kikiwa kirefu nitapunguza mguu."

"Mwambie kiko sawa."

Binti yangu akasema, "Jamani, si mnasikiana," akapigwa kofi dogo la mgongo na bibi yake.

Halafu mama akavua viatu. Akaingia. Akaangalia pale palipokuwa pa mume wangu, nilikuwa nimepatandika gunia tupu la karoti, ndipo pangu sasa. Akashuka kwenye kitanda chake cha kamba, taratibu, goti moja halafu jingine, akajilaza kwenye nyasi na khanga yake yote, mikono kifuani. Mawingu yalikuwa yanapita chini chini kama kawaida ya kwetu. Randa ilikuwa bado haijaanza tena.

"Na yeye yuko upande gani?" akauliza.

Nilijua anamuulizia nani, kitinda mimba wake. "Chini yetu, mama. Wafanyakazi wanalala ghorofa za chini. Sisi tukiwa hapa, yeye yuko chini yetu."

Akageuka ubavu. Akatandaza kiganja chake juu ya nyasi, chenye vidole vile vilivyokataliwa na mashine, akakibonyeza kama alivyofundishwa kule Tanga, akakiacha hapo.

"Peleka majina," akasema.